Malisho ya wanyamapori kwenye ardhi ya mlima: kileleni, ubavuni au bondeni, na nini cha kupanda

Mara ya kwanza nilipopanda malisho ya wanyamapori kwenye mteremko, nililima. Nilitifua udongo ukawa laini kama unga, nikatawanya mbegu za klova nyeupe, mmea mfupi wa jamii ya maharage unaotambaa, nikaburuta tawi lenye majani juu yake, nikarudi nyumbani nimeridhika. Siku ya tatu ikanyesha mvua kubwa. Baada ya wiki mbili nilikuta klova imeota vizuri kweli, ila yote ilikuwa chini kabisa, kwenye mstari mmoja mnene wa kijani kando ya nyasi ambazo sikuzigusa. Juu ya mstari ule palikuwa ubavu mtupu wenye mifereji, mingine ya kuingia kidole, mingine ya kuingia ngumi. Mbegu, mbolea na udongo wa juu vilikuwa vimeshuka pamoja.

Tangu hapo mtu akiniuliza apande nini mlimani, huanza kwa kumuuliza mawili: unapanda wapi, na ardhi utaiandaaje? Mbegu ni swali la tatu. Kwenye tambarare unaweza kuanzia kwenye mbegu na mambo yakaenda, lakini mlimani ukianza hapo utanunua mbegu mara mbili.

Ninaposema malisho ya wanyamapori nina maana ya kipande cha ardhi kilichopandwa mimea ili wanyama wa porini waje kuila palepale: kulungu, swala, sungura, kanga, kwale, bata mzinga wa porini. Hakuna mavuno ya ghalani. Kinachotafutwa ni wanyama kupata chakula katika miezi ya upungufu, na mwenye ardhi kuwaona au kuwasaidia wazidi kustawi.

Pima mteremko kabla ya kuchagua chochote

Jicho hudanganya mlimani. Chukua kamba ya mita 10. Mmoja asimame juu na kuibana ncha ya kamba ardhini, mwingine ashuke na ncha ya pili na kuiinua mpaka kamba ilale sawa kwa pimamaji. Kama mkono wa aliye chini uko mita 1.5 kutoka ardhini, mteremko ni asilimia 15. Wengi huchanganya asilimia na nyuzi: mteremko wa nyuzi 45 ni asilimia 100.

Kwa nini namba hii ina uzito? Kanuni ya kukadiria mmomonyoko iliyotolewa Marekani na Walter Wischmeier na Dwight Smith mwaka 1965, wakairekebisha 1978, hulinganisha kila shamba na kipande cha kawaida chenye urefu wa mita 22.1 na mteremko wa asilimia 9. Ukifanya hesabu yake, mteremko ukipanda kutoka asilimia 9 hadi 18, udongo unaopotea unakaribia mara tatu. Urefu wa mteremko ukiongezeka maradufu, upotevu unaongezeka kwa karibu nusu tu. Kwa hiyo ukali wa mteremko ni adui mkubwa kuliko ukubwa wa shamba. Na usiidharau hasara ndogo: tabaka la milimita moja tu likiondoka kwenye hekta moja, hizo ni kama tani 13 za udongo, na ni ule wa juu wenye rutuba.

Mipaka yangu mwenyewe ni hii. Chini ya asilimia 5, lima ukitaka. Kati ya 5 na 12, lima kwa vipande vyembamba vinavyokata mteremko, ukiacha nyasi kati ya kipande na kipande. Kuanzia 15 sigusi jembe wala plau. Ikipita 30 siwazi kabisa habari za mazao ya msimu. Hapo ni miti na vichaka vya matunda, au uoto uliopo uachwe uendelee.

Kileleni, ubavuni, bondeni

Kileleni mara nyingi kuna kipande kilicho karibu kuwa tambarare, na hilo ndilo linalowavuta watu. Jua ni la kutosha, na wanyama wengi hupita kwenye mgongo wa mlima wanapohama upande mmoja kwenda mwingine. Lakini udongo wa kileleni ni mwembamba, kwa sababu kwa miaka mingi umekuwa ukishuka. Chimba kwa koleo: ukigonga jiwe kabla ya sentimita 20, jua kwamba mmea wa mizizi mifupi utanyauka mara mvua zikikatika. Upepo nao unakausha kuliko unavyodhani.

Bondeni ni kinyume chake. Udongo uliotoka juu umetulia hapo, una kina, unashika unyevu. Klova ya bondeni huendelea kuwa kijani wiki kadhaa baada ya ya kileleni kukauka. Hasara zake ni tatu. Magugu nayo hufurahia rutuba hiyohiyo. Usiku hewa baridi, ambayo ni nzito, hutiririka kutoka juu na kutuama bondeni, hivyo mahali penye majira ya baridi jalidi (umande ulioganda) hupiga bondeni kwanza na kuondoka mwisho. Na kama kuna kijito, mbolea yoyote utakayomwaga iko hatua chache kutoka majini. Mimi huacha ukanda wa nyasi usiopungua mita 10 bila kuugusa.

Kwa anayetaka kukaa na kuangalia wanyama, bonde lina tatizo jingine. Mchana jua likipasha mlima, hewa hupanda. Jioni ikipoa, hushuka. Ukikaa juu ya bonde jioni, harufu yako inateremka moja kwa moja hadi kwenye malisho, na kulungu hana haja ya kukuona ili akukwepe.

Ubavuni ndipo penye hatari zote za mmomonyoko, lakini ndipo pia nilipopata kipande bora kuliko vyote nilivyowahi kupanda. Milima mingi haishuki kwa mstari mmoja ulionyooka. Kuna mahali pa kupumzikia, kibaraza cha asili chenye upana wa mita 10 au 20, halafu mteremko unaendelea. Kibaraza hicho kina udongo mnene kuliko wa kileleni, hakituamishi baridi kama bonde, na wanyama hukipenda kwa sababu kichaka kiko karibu pande zote mbili. Kabla ya kufyeka popote, tembea ubavu mzima ukitafuta vibaraza. Njia za zamani za kuvutia magogo nazo ni vibaraza vilivyotengenezwa na watu. Zimeshindiliwa na zina kivuli, lakini klova nyeupe huvumilia vyote viwili ilimradi ipate saa nne au tano za jua kwa siku. Kama njia inashuka, weka magogo ya kukinga maji kwa mshazari kila baada ya hatua kadhaa, la sivyo utakuwa umepanda mfereji.

Angalia pia ubavu unatazama wapi. Kaskazini mwa ikweta, ubavu unaotazama kusini hupata jua kali na kukauka. Kusini mwa ikweta ni ule unaotazama kaskazini. Karibu na ikweta tofauti kubwa ni ya mashariki na magharibi: unaotazama magharibi hupigwa na jua la alasiri wakati hewa imeshapata moto. Nikiwa na pande mbili za kuchagua na mbegu ni klova, naenda upande wa kivuli bila kusita. Ikiwa ni mtama au alizeti, naenda upande wa jua.

Kulima au kutolima

Hapa sitajifanya kuwa katikati. Kwenye mteremko, kutolima kunashinda, na sababu iko kwenye tone la mvua. Tone likianguka kwenye udongo mtupu, hupasua chembe na kuzirusha. Chembe ndogo huziba matundu ya udongo, maji yanakosa pa kuingia, yanaanza kutiririka. Tone hilohilo likianguka kwenye jani lililokauka, nguvu yake inaishia hapo. Ndiyo maana wataalamu wa kilimo hifadhi huweka asilimia 30 ya ardhi iliyofunikwa na mabaki ya mimea kuwa kiwango cha chini, na mlimani mimi hutaka zaidi ya hapo.

Njia ninayoitumia ni kutawanya kisha kufyeka. Unasubiri mvua inayokaribia, ya taratibu ikiwezekana. Unaingia kwenye nyasi na magugu yaliyosimama hadi kiunoni, unatawanya mbegu juu yake, zinapenya na kufika chini. Halafu unafyeka kila kitu na kukiacha kilale juu ya mbegu kama matandazo. Baada ya siku saba hadi kumi, inua matandazo kwa mkono mahali pamoja: utaona vijimizizi vyeupe vikitafuta udongo, na juu yake vijani viwili viwili vikipenya kati ya mabua. Ubavu wenyewe bado unaonekana kama haujafanyiwa kitu.

Njia hii ina masharti. Mbegu iwe ndogo au yenye kuota juu ya ardhi bila shida: klova, tanipu, figili, chikori (mmea wa majani wenye mzizi mrefu), na nafaka za oti na rai. Soya, kunde na mahindi zikiachwa juu zinaliwa na ndege au zinakauka, zinataka shimo. Na kama ardhi imefunikwa na nyasi zinazotambaa zenye mizizi minene, kufyeka mara moja hakutoshi, zitachipua na kuifunika miche. Fyeka mara mbili au tatu kwa msimu mzima kabla ya kupanda, ukizidhoofisha, au tumia dawa ya kuua magugu kwa uangalifu mbali na maji.

Kulima kuna faida moja ya kweli ambayo kutolima hakuna: kuchanganya chokaa, inayopunguza tindikali, na udongo. Klova inataka pH ya kati ya 6 na 7 (pH ni kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali inazidi). Chokaa ikimwagwa juu hushuka polepole sana, sentimita chache kwa mwaka. Kwa hiyo asiyelima lazima aimwage mapema, miezi sita au zaidi kabla ya mbegu, na kwa viwango vidogo vinavyorudiwa.

Na hapo mlima unauliza swali lake gumu: chokaa hiyo itafikaje juu? Udongo wenye tindikali huweza kuhitaji tani 2 hadi 4 kwa hekta. Kwa kipande cha robo hekta hiyo ni nusu tani hadi tani moja, yaani mifuko 10 hadi 20 ya kilo 50, na kila mfuko unapanda mlima mgongoni mwa mtu au kwenye chombo. Pima udongo kwanza. Kama pH ni 5 na hakuna njia ya kupandishia mizigo, hapo rai na oti, ambazo huvumilia tindikali, ni chaguo la busara kuliko klova iliyo bora kwenye picha.

Trekta au mikono

Kanuni inasema lima kwa kufuata kontua, yaani mstari wa ubavuni ulio kwenye kimo kimoja, ukikata mteremko. Trekta nayo hupinduka kirahisi zaidi inapoendeshwa kwa kukata mteremko. Mambo haya mawili yanagongana, na watu wamekufa kwa kutolitambua hilo. Kama mteremko hauruhusu trekta kupita kwa kukata bila wewe kushika usukani kwa hofu, jibu si kulima kutoka juu kwenda chini, maana kila mstari wa plau utageuka mfereji. Jibu ni kuacha kulima hapo. Trekta yenyewe iwe na fremu ya kumkinga dereva, na mkanda ufungwe.

Kwa robo hekta, fyekeo, jembe na chombo cha kutawanyia mbegu kinachoning'inizwa kifuani vinatosha, na wewe hubanwi na njia. Kontua utaipata kwa fremu ya A: miti miwili ya mita 2 iliyofungwa juu, ufito wa kukatiza katikati, na jiwe kwenye uzi unaoning'inia kutoka kileleni mwa fremu. Isimamishe, weka alama pale uzi unapogusa ufito. Geuza miguu ibadilishane nafasi zilezile, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Sasa tembeza fremu ubavuni, mguu baada ya mguu, ukichomeka kijiti kila uzi unapotulia katikati. Mstari wa vijiti utapinda kwa namna ambayo jicho lisingekubali, lakini uamini uzi.

Mimea yenyewe

| Mmea | Unavyoshika ardhi | Mahali pake mlimani | Tahadhari |
|---|---|---|---|
| Klova nyeupe | Hutambaa na kufunika, mizizi mifupi | Vibaraza, njia za magogo, bondeni | Hukauka juani. Hutaka chokaa |
| Klova nyekundu | Mzizi mkuu unaoshuka, miaka 2 hadi 3 | Ubavu wenye udongo wa wastani | Hurefuka, hutaka kufyekwa |
| Chikori | Mzizi mrefu, huvumilia ukame | Kileleni, upande wa jua | Peke yake huacha udongo wazi kati ya mashina |
| Oti na rai | Huota haraka, mizizi mingi ya nyuzi | Popote, hasa kama mlinzi wa klova | Za msimu mmoja |
| Tanipu, figili | Majani mapana kwa muda mfupi | Kipande tambarare tu | Zikiliwa, ardhi hubaki tupu |
| Soya, kunde | Hafifu mwanzoni | Bondeni, kipande kikubwa | Huliwa kabla ya kukua |
| Mtama | Mizizi mizuri, nafasi wazi kati ya mistari | Upande wa jua, mteremko mdogo | Ukiwa bado mchanga mmea una sumu ya sianidi, zaidi baada ya ukame au jalidi |

Jedwali halisemi yote. Mpambano mkubwa ni kati ya mimea ya kudumu na ya msimu, na mlimani sioni kwa nini mtu aanze na ya msimu. Klova nyeupe ina sehemu yake ya kuchipulia chini, karibu kabisa na ardhi, kwenye vishina vinavyotambaa. Mnyama akila jani, mmea haujapoteza kitu cha maana. Soya iko tofauti: mche wake hunyanyua vijani vyake viwili vya mbegu juu ya ardhi, na kulungu akikata chini ya hivyo, mche umekufa. Nimeona mistari mizima ya kunde ikiwa vijiti vifupi baada ya usiku mmoja. Kwenye shamba la hekta mbili wanyama hawafiki kote. Kwenye kibaraza cha robo hekta wanafika kabla ya kupambazuka.

Tanipu na figili ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi, kwa vile zinapendwa sana na waanzaji. Zinaota haraka, zinapendeza, wanyama wanazila hadi mzizi. Kisha unabaki na ubavu mtupu wenye mashimo, mara nyingi msimu wa mvua ukiwa mbele. Pia familia ya kabichi, ambamo tanipu na figili zimo, isirudiwe mahali pamoja zaidi ya miaka miwili mfululizo, magonjwa ya mizizi hukusanyika. Ukizitaka lazima, zichanganye na rai ili kitu kibaki kimeshika udongo.

Mchanganyiko wangu kwa kibaraza, kwa hekta moja: klova nyeupe kilo 5, klova nyekundu kilo 6, chikori kilo 2, na oti kilo 50. Oti zikipita kilo hizo zinaizidi klova nguvu. Zinaota ndani ya wiki na kushika udongo, klova inakua taratibu chini yake. Kilo moja ya klova nyeupe ina mbegu zaidi ya milioni moja, kwa hiyo changanya na mchanga mkavu ili zisimwagike zote mahali pamoja, na usizifukie zaidi ya sentimita moja. Kama ardhi haijawahi kuwa na klova, pakaza mbegu bakteria wa rizobia wanaolingana nazo. Hao ndio wanaotengeneza vinundu vya mizizi na kukuokolea gharama ya mbolea ya naitrojeni. Baada ya miezi miwili ng'oa mche kwa upole na upasue kinundu kwa ukucha: kikiwa na rangi ya waridi ndani, wanafanya kazi.

Na kama usipande kabisa?

Chaguo hili husahaulika. Kwenye mteremko mkali wenye msitu mnene, kukata miti michache ili jua lifike chini huamsha mimea ya asili iliyokuwa imelala kwenye udongo, na mingi kati yake ni chakula kizuri. Haihitaji chokaa wala mbegu, na ardhi haibaki uchi hata siku moja. Inalisha kwa kiasi kidogo kwa kila mita ya mraba, hilo nakubali, lakini inalisha eneo kubwa na kwa miaka.

Ukiamua kupanda vichaka, panda vya asili ya eneo lako. Marekani, miaka ya 1930 na 1940, serikali ilihimiza wakulima wapande kudzu kushika udongo wa miteremko. Kweli ilishika udongo, kisha ikapanda juu ya miti, nyumba na nguzo kusini mwa nchi, na hadi leo wanahangaika nayo. Mmea unaoambiwa hauhitaji matunzo popote uuogope.

Tazama pia kilicho jirani. Malisho yaliyo mita mia moja kutoka shamba la mtu, au ng'ambo ya barabara yenye magari ya kasi, yatawaleta wanyama kwenye madhara. Na sheria za maeneo mengi zina neno juu ya kuvuta wanyama kwa chakula, hasa kama kuna uwindaji. Ulizia kabla ya kununua mbegu.

Ukishapanda, weka kizimba cha waya cha upana wa mita moja katikati ya kipande, kisichoingilika na mnyama. Baada ya miezi miwili linganisha ndani na nje. Ndani kukiwa na klova ya kufika gotini na nje ya kufika kifundo, wanyama wanakula na mmea unahimili. Ndani na nje kukiwa sawa na hafifu, tatizo liko kwenye udongo, rudi kwenye pH. Na baada ya kila mvua kubwa ya msimu wa kwanza pita ukingo wa chini, si wa juu. Ukikuta tope limetuama kwenye nyasi, fuata njia yake kupanda hadi lilikoanzia, laza matawi kwa kukata mteremko hapo, na utawanye oti kiganja kimoja kabla mvua nyingine haijaja.